Jukwaa la mbao la kokpiti ya simuleta: kiti na pedali visiachane

Anayejenga jukwaa la simuleta ya kuendesha ndege kwa mara ya kwanza huhangaikia uzito: rubani kilo 90, kiti kilo 20, skrini na usukani pengine 20 nyingine. Mbao chache zinabeba hayo yote bila taabu. Kinacholegeza jukwaa ni msukumo. Ukishikilia breki za Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, wakati wa kujaribu injini, nyayo zinasukuma pedali mbele na mgongo unasukuma kiti nyuma kwa nguvu ileile. Mguu wa mtu mzima hutoa msukumo wa kilo 40 bila kujikaza. Kama pedali ziko sakafuni na kiti kiko peke yake, vitaachana tu, hata ukiweka zulia chini. Kazi kubwa ya jukwaa, basi, ni kufunga kiti na pedali kwenye kitu kimoja kisichopinda wala kujisokota.

Vipimo vya hapa ni vya kokpiti ya kiti kimoja: upana mm 1220, urefu mm 1800. Upana huo ni wa shiti nzima ya plaiwudi, kwa hiyo unaokoa mkato mmoja, na unazidi kidogo upana wa ndani wa Cessna 172, ambao ni takriban mita 1. Urefu umetokana na mbao. Mbao ya futi 12 ina mm 3658. Ukitaka vipande viwili vya futi 6 kamili, msumeno unakula mm 3 na kipande cha pili kinapelea. Ukikata viwili vya mm 1800, unabakiwa na nafasi ya kuondoa ncha zilizopasuka.

Vifaa:

- mbao za inchi 2 kwa 4, futi 12, vipande 4
- plaiwudi ya mm 18, shiti 1
- skrubu za mm 5 kwa 100, 30. Na za mm 4 kwa 50, 100
- boliti 8 za M8 (kipenyo mm 8) zenye urefu wa mm 90, pamoja na washa pana na nati zenye nailoni ndani
- gundi nyeupe ya mbao, nusu lita
- vipande 6 vya mpira mnene wa mm 10

Kwenye duka la mbao usipokee kipande kabla ya kukikagua. Kiinue upande mmoja, fumba jicho, tazama ukingo wote hadi mwisho. Kilichopinda kidogo kama upinde kinafaa, kilichojisokota hakifai hata kwa bei ya chini, maana hakuna skrubu itakayokinyoosha. Paini au saiprasi zinatosha. Ukipata iliyotiwa dawa ya mchwa, chukua hiyo, na vaa barakoa unapoikata. Mbao mbichi ndiyo chanzo cha lawama nyingi: inakauka ikiwa tayari imefungwa, inanywea, na viungo vinaachia. Ilaze ndani ya chumba kitakachokaa simuleta kwa wiki 2 au zaidi, ukitenganisha vipande kwa vijiti ili hewa ipite. Ukanda wa pwani wenye unyevu, ongeza muda. MDF, yaani ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa, iache kabisa. Ukingo wake haushiki skrubu na ikilowa inavimba.

Kabla ya kukata, pima unene halisi. Mbao iliyopigwa randa huwa na mm 45 hivi badala ya 50. Mihimili miwili ya urefu ina mm 1800. Vipande vya kukingama ni 6, na urefu wake ni mm 1220 ukitoa unene wa mihimili miwili: kwa mbao ya mm 45 unapata mm 1130. Vipande vitatu vinatoka kwenye mbao moja, kwa hiyo fremu yote inakula mbao 3. Ya nne ni ya vitalu, tutavifikia.

Simamisha mbao kwa ukingo wake, upande uliobinuka uangalie juu. Vipande vya kukingama vipange kwa mm 351 kutoka kati hadi kati. Kila kiungo paka gundi, kisha piga skrubu 2 za mm 100. Toboa tundu la mm 5 kwenye mhimili na la mm 3 kwenye ncha ya kipande. Tundu la kwanza likiwa dogo, skrubu inashika mbao zote mbili na kuziacha na mwanya ambao hautafunga hata ukikaza vipi. Skrubu iliyoingia kwenye ncha ya mbao haishiki sana, lakini hapa inatosha. Atakayebana fremu kwa kweli ni plaiwudi.

Gundi ikiwa bado mbichi, pima kona hadi kona pande zote mbili. Vipimo viwili vilingane, karibu mm 2174. Vikitofautiana zaidi ya mm 3, sukuma kona yenye kipimo kirefu. Baada ya plaiwudi kufungwa, kosa hilo halirekebishiki tena.

Kata plaiwudi mm 1800, lakini usiifunge bado. Ilaze juu, weka kiti na pedali, kaa. Kanyaga pedali hadi mwisho: goti libaki limekunjwa kidogo na kisigino kisiinuke. Hapo ndipo uweke alama za matundu ya boliti. Pindua shiti, na chini ya kila alama gundisha kitalu cha mm 306 kilicholazwa kati ya vipande viwili vya kukingama. Alama ikiangukia juu ya kipande chenyewe, sogeza kiti na pedali pamoja kwa sentimita chache. Boliti inapita kwenye plaiwudi na kitalu, washa pana ikae chini. Kaza mpaka washa ianze kuuma mbao, usiendelee.

Sasa paka gundi juu ya fremu yote na ufunge plaiwudi kwa skrubu za mm 50, kila mm 150 pembezoni na kila mm 200 katikati. Usitumie misumari, inalegea na jukwaa linaanza kulia.

Mpira weka kwenye kona 4, na 2 katikati ya mihimili. Kagua kwa pima maji, kisha jaza unene chini ya ile ya kati mpaka iguse sakafu. Jukwaa hili lina kilo 40 na ushei na kwa upana halipiti mlangoni. Lisimamishe kwa ubavu, na upime kona za korido kabla hujaanza kujenga.

Mwisho, kaa na ukanyage breki kwa nguvu zote. Likilia chini ya kisigino, plaiwudi haijashikana na mbao hapo: ongeza skrubu 2. Nati za kiti zikaze tena baada ya wiki 2 na baada ya miezi 3, kwa sababu mbao huendelea kunywea.