Mzazi Anapolalamikia Riwaya: Namna ya Kulisikiliza Lalamiko Kabla ya Kitabu Kuondolewa Shuleni

Lalamiko lipokelewe kwa maandishi, na mlalamikaji aeleze ni ukurasa gani uliomkera na kama amekisoma kitabu chote. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hapa Tabora nilimwona mzazi aliyesafiri kutoka Urambo, katikati ya msimu wa kuuza tumbaku, akiwa na karatasi moja ya fotokopi mfukoni, imekunjwa mara nne na aya moja imepigiwa mstari wa kalamu nyekundu. Kitabu chenyewe hakuwa amewahi kukishika. Sikumlaumu, kwani uchungu wa mwana aujuaye mzazi; kilichoniuma ni kwamba nakala zote zilifungiwa stoo siku hiyohiyo, kabla ya mtu yeyote kusoma.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo kubwa, ni kusoma riwaya tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano bora tunao nyumbani: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kupigwa marufuku shuleni kwa muda. Anayeokota kurasa za Rosa akiwa amepotoka atadhani binti zetu wanafundishwa uasherati, lakini aliyeanza na Zakaria, baba mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, ataona kwamba mwandishi anawauliza wazazi wamewaandaaje watoto wao kuishi mbali na fimbo. Swali hilo halimo katika ukurasa wowote mmoja.

Wasomaji wawe mwalimu wa somo, mjumbe wa bodi ya shule, mzazi asiyehusika na lalamiko na mwalimu wa malezi, na wapewe wiki mbili.

Wakati huohuo, mkuu wa shule ahakikishe kitabu kina ithibati, yaani kibali rasmi cha kutumika shuleni. Mwezi Februari mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia vitabu kadhaa vya watoto visitumike shuleni, na kitabu kilichozuiwa na Wizara hakijadiliwi na kamati ya shule. Vivyo hivyo, riwaya iliyoteuliwa kwa ajili ya somo haiondolewi kwa uamuzi wa shule peke yake, maana mwanafunzi ataulizwa juu ya riwaya teule katika mtihani wa taifa.

Kinachobaki mikononi mwenu ni vitabu vya ziada, na hapo umri utangulie kila hoja. Riwaya inayomfaa kijana wa kidato cha tano inaweza kumzidi mtoto wa kidato cha kwanza. Basi ihamishiwe rafu ya madarasa ya juu badala ya kutupwa. Binafsi, ningekiondoa kabisa kitabu kinachousifu ukatili kwa mtoto, lakini si kile kinachouonyesha ili tuukemee.

Uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, mzazi apewe nakala, na ikiwa bado moyo wake haujatulia, mwanawe apangiwe riwaya nyingine huku wenzake wakiendelea na ile ya awali.