Kukausha nanaa na mrehani kwenye friji ndogo, hatua kwa hatua

Watu wengi wanaanika majani juani au wanayatia oveni, alafu wanashangaa mbona chai haina harufu. Ile harufu ni mafuta, tena mafuta mepesi sana, yakipata joto yanaruka, kwa hiyo unabaki na jani kavu zuri tu ila ndani hamna kitu. Mimi nakausha kwenye friji ndogo iliyokuwa imekaa bure, kwenye ubaridi na giza, na nanaa inatoka bado ya kijani, ukivunja jani moja tu harufu inakupanda puani.

Kabla hujagusa waya wowote elewa hili. Friji haikaushi kwa sababu ni baridi, inakausha kwa sababu ndani kuna sehemu moja yenye baridi kuliko kwengine kote, kile kijumba cha barafu, na mvuke unaotoka kwenye majani unaenda kushika pale unakuwa maji. Hayo maji usipoyatoa nje yanarudi hewani, na majani yanayanywa tena. Kazi yote ipo hapo.

Hatua ya 1, friji yenyewe. Chukua yenye kompresa, ile inayonguruma ikiwaka. Vile vifriji vyepesi visivyo na kompresa nguvu yao ndogo, unyevu hauishi na kuvu inakuwahi. Osha ndani na siki, acha mlango wazi siku nzima, maana majani yanadaka harufu yoyote yatakayoikuta humo.

Hatua ya 2, themostati ya nje, yaani kifaa kinachoiwasha na kuizima friji kufuatana na joto la ndani. Hii usiiruke. Mara ya kwanza niliacha friji kwenye nyuzi 4 kama ilivyozoea, nanaa ikatoka salama lakini mrehani wote ukawa mweusi tii, kama umemwagiwa maji ya moto. Niliumia sana, ilikuwa kazi ya miezi. Kumbe mrehani ni mmea wa joto, ukiwa mbichi hauvumilii chini ya nyuzi 10 hivi. Sasa naweka 15. Themostati unaichomeka ukutani, friji unaichomeka kwenye themostati, kile kihisio chake kinaingia ndani, basi. Weka na muda wa kusubiri dakika 5 kabla haijawasha tena, kompresa ikiwashwa na kuzimwa ovyo ovyo inakufa.

Hatua ya 3, kupitisha waya. Tafadhali usitoboe ukuta wa friji! Mabomba ya gesi mara nyingi yanapita humo humo ndani ya kuta na huyaoni, na friji nyingi za sasa zinatumia R600a ambayo ni gesi inayowaka moto. Tumia waya mwembamba, upitishe kwenye raba ya mlango, raba itaubana yenyewe.

Hatua ya 4, feni na rafu. Feni ndogo ya USB ya volti 5 inatosha, iweke chini iangalie ukuta, isipulizie majani moja kwa moja, tunataka hewa izunguke tu. Rafu ziwe za wavu. Chini ya kijumba cha barafu weka trei ya kukinga maji.

Hatua ya 5, majani. Vuna asubuhi umande ukishakauka. Ukiosha, futa mpaka lisibaki hata tone. Pima uzito uandike, alafu tandaza safu moja, yasilaliane kabisa, pale yanapogusana ndo kuvu inapoanzia.

Hatua ya 6, kila siku. Mwaga maji ya trei, futa kuta kwa kitambaa kikavu, geuza majani, angalia kipima unyevu, kile kidude cha kupima unyevu wa hewa unachokiweka humo ndani. Siku ya kwanza kitapanda sana, usiogope, ila siku ya tatu kikiwa bado juu ya asilimia 65 ujue umejaza mno, punguza. Na hicho kipimo usikiamini hivi hivi: chukua chumvi ya mezani kwenye kizibo, itie matone ya maji iwe kama uji mzito, ifungie pamoja na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa, acha usiku mzima. Kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, basi kila siku unaongeza 5.

Hatua ya 7, kujua yamekauka. Kwangu nanaa inachukua kama wiki, mrehani unafika siku 10. Uzito ukigoma kushuka siku mbili mfululizo, shika jani ulisage, livunjike kwa mlio, na kijiti kikatike, kisipinde. Hapo tia kwenye chupa ya kioo majani mazima, usiyasage mapema, funga, weka kabatini. Kesho yake angalia kioo kwa ndani kwenye mwanga. Ukiona ukungu wa mvuke hata kidogo, yarudishe kwenye friji siku mbili zaidi.