Kumrudisha mwenzako Jinja alikokulia: safari ya siku moja kutoka Kampala

Kutoka Kampala hadi Jinja ni kilomita 80 hivi, lakini usiipime safari hii kwa kilomita. Ukitoka saa 11 na nusu alfajiri utafika kwa saa mbili. Ukitoka saa 2 asubuhi, Banda, Kireka, Bweyogerere na Seeta zinaweza kukula saa mbili kabla hujaiona Mukono. Chagua Jumamosi ya kawaida: soko limechangamka, majirani wako nyumbani, na mlinzi wa shule ana nafasi ya kuongea. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka ziache, kwa sababu nusu ya Kampala huwa inaelekea mashariki au inarudi.

Aprili Jinja imekolea kijani, ila ni mwezi wa mvua. Mpira wa waipa uliokauka haukusumbui jijini. Utakusumbua kwenye msitu wa Mabira, pale lori linapokurushia tope kwenye kioo nawe huoni kona. Badilisha waipa siku moja kabla. Upepo wa magurudumu pima asubuhi yakiwa baridi, ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Angalia pia gurudumu la akiba, kwa maana wengi huligundua halina upepo wakiwa tayari wamepiga jeki. Beba pembetatu mbili za kuakisi mwanga. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita moja, lita 20 zinatosha kwenda, kuzunguka mjini na kurudi.

Kazi kubwa ya maandalizi lakini haiko kwenye gari. Usiku wa kuamkia safari mpe mwenzako karatasi na kalamu, achore mtaa wake kama anavyoukumbuka: nyumba, shule, duka la kununua mafuta ya taa, njia ya kwenda kuteka maji, mti waliocheza chini yake. Ramani ya simu haijui duka la mzee fulani. Mchoro huo ukimwonyesha mwendesha bodaboda mwenye mvi, atakufikisha. Kisha mwambie achague mahali patatu tu. Wanaotaka kuona kila kitu huishia kuitazama Jinja yote kupitia dirishani.

Njiani, lori likiharibika utaona matawi mabichi yamewekwa barabarani mita kadhaa kabla yake. Ukiona tawi, punguza mwendo hapo hapo, usisubiri kuliona lori. Ndani ya Mabira usipite gari jingine kwenye kona hata kama lililo mbele linatambaa, kwa sababu hii ndiyo barabara ya matangi ya mafuta yatokayo Malaba, na lami iliyoloa chini ya miti haikauki upesi. Foleni ya Mukono ikiripotiwa mbaya, pita Gayaza na Kalagi, kisha Kayunga hadi Njeru, jirani na Jinja. Ni ndefu zaidi, ila kuna lami na malori ni machache.

Najjembe, soko la kando ya barabara, wauzaji watalizunguka gari wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja, yaani ndizi za kuchoma. Asubuhi nunua gonja tu, kuku mwache hadi wakati wa kurudi. Patana bei kabla ya kutoa noti, na uwe na noti ndogo ndogo.

Kama mwenzako aliondoka Jinja kabla ya Oktoba 2018, mwandae: alizoea kuingia mjini kwa kupita juu ya bwawa la Nalubaale, ambalo wazee bado wanaliita Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954. Sasa mnaingia kwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, na Mto Nile atauona kwa upande ambao hajauzoea. Atataka kusimama. Msisimame wala msipige picha darajani au bwawani, kuna askari wanaolinda. Endesha polepole tu, umwachie atazame.

Tuseme nyumba yao ilikuwa Walukuba, mtaa waliojengewa wafanyakazi wakati viwanda vilipokuwa vikiongezeka. Hapa ndipo ziara nyingi huharibika. Watu wawili waliovaa vizuri wakishuka garini na kuanza kupiga picha nyumba, walio ndani huwaza kwamba wamekuja wanunuzi au wadai wa kiwanja. Acha gari mbali kidogo, mtembee. Simu ibaki mfukoni. Mwenzako ndiye atangulie, apige hodi, aamkie, ataje majina ya wazazi wake na kazi waliyofanya, kisha aseme waziwazi kwamba amekuja kuona tu alikolelewa. Msiulize nyumba ni ya nani wala kodi ni kiasi gani. Mkiona wasiwasi haujaisha, nendeni kwa mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, mjitambulishe, mara nyingi atawasindikiza mwenyewe. Picha huombwa mwisho, baada ya kuketi.

Mikono isiwe mitupu. Kilo mbili za sukari, mche wa sabuni na mkate vinamtosha mzee mmoja. Andaa vifurushi viwili zaidi ya mnavyodhani, maana jirani aliyemfahamu mama yake hujitokeza bila kutarajiwa. Beba pia pesa kidogo za rambirambi. Baadhi ya watu mnaowaulizia watakuwa wamefariki, na mwenzako atazisikia habari hizo akiwa amesimama uani. Usimharakishe, wala usijaze ukimya kwa maneno.

Mkipata muda wa ziada, tembeeni Main Street kwa miguu, mkiinua macho: juu ya maduka kumebaki majina na miaka ya waliojenga, wengi wao Wahindi waliofukuzwa mwaka 1972. Mwenzako atakuambia lipi lilikuwa duka la viatu vya shule. Samaki ngege kuleni Masese, jirani na Walukuba. Chanzo cha Nile kinaweza kusubiri safari nyingine. Kama alikuwa akipelekwa huko utotoni, basi kiwe kati ya mahali patatu alipochagua.

Saa 10 jioni gari liwe linatoka mjini, mvuke Mabira kungali mwanga. Mvua kubwa ikiwakuta Jinja hadi giza likaingia, laleni huko huko, mtoke alfajiri ya Jumapili wakati barabara ya kuingia Kampala ni nyeupe.