Kukagua Subaru Impreza WRX Iliyotumika Kabla ya Kulipa

Mwombe muuzaji asiiwashe injini kabla hujafika, kisha uguse boneti mwenyewe uhakikishe ni baridi. Injini za EJ (aina ya injini za Subaru) zinazopatikana katika WRX nyingi zilizotumika huonyesha maradhi yake wakati wa kuwashwa. Mlio mwepesi wa kugonga unaopotea injini ikishapata moto mara nyingi ni wa pistoni, na wengi huishi nao kwa miaka. Lakini mlio mzito wa kugonga unaozidi kadiri unavyokanyaga mafuta huashiria kuharibika kwa bering za konrodi (vyuma vinavyounganisha pistoni na shafti kuu ya injini), na gari hilo liache hapo hapo, kwa sababu injini nzima italazimika kufunguliwa.

Chomoa kijiti cha oili. Injini hizi hula oili, na kiwango kikishuka, tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini) na bering ndizo zinazoumia kwanza. Mapovu yasiyokoma katika tangi la maji huku injini ikinguruma ni dalili ya gasketi ya silinda hedi (kifuniko cha silinda) iliyochoka. Hapa ndipo gharama inapowashangaza wanunuzi: silinda zimelala pande mbili, hedi ni mbili, na mafundi wengi huona heri kuishusha injini, hivyo ufundi huweza kuzidi bei ya gasketi zenyewe. Ikishashushwa, badilisha pia mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu), vikaza mkanda na pampu ya maji, usije ukalipia kazi ileile mara mbili. Mkanda huo hubadilishwa takriban kila kilomita 100,000, nao ukikatika, valvu hugonga pistoni. Kwa hiyo dai risiti, si maneno.

Mlipe fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, huenda kingo za pistoni zinazoshika ringi zimepasuka, jambo linalojulikana sana kwa injini za tabo za lita 2.5, hasa zilizoongezwa nguvu. (Mimi binafsi nikikuta bomba la moshi limebadilishwa na muuzaji hawezi kueleza nani aliyeipanga upya kompyuta ya gari, huondoka.) Makadirio ya matengenezo yaandikwe na gereji mbili, ndipo uyatoe kwenye bei.

Barabarani, panda mlima kwa gia ya nne: mizunguko ya injini ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi imekwisha. Gia ya pili ikikwaruza, giaboksi itafunguliwa. Mwisho linganisha tairi zote nne, kwani zikitofautiana kwa kulika huichosha difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma.