Kuhesabu mifereji ya chavua: kujifunza kutambua maua ya kale ukianzia ufukweni Mwanza

Ukitafuta chavua ya mimea ya kwanza ya maua, usichimbe Mwanza. Mawe makubwa ya mji huu, pamoja na Jiwe la Bismarck lililosimama majini, ni graniti yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ya kabla nchi kavu haijaota mmea wowote. Matope ya ziwa nayo ni machanga mno. Ziwa Victoria lilikauka kuelekea mwisho wa zama za barafu, likajaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Chavua kongwe ya maua inayokubaliwa na wataalamu wengi ina umri wa miaka milioni 135 hivi, mwanzoni mwa Enzi ya Kreta. Kwa Tanzania, miamba ya enzi hiyo iko Kilwa, Lindi na Bonde la Rukwa.

Hata hivyo ufukwe wa Mwanza una vitu viwili ambavyo huwezi kuviruka: mimea hai ya kulinganishia, na matope laini ya kufanyia mazoezi kabla hujagusa kipande cha mwamba wenye thamani. Wengi hukimbilia mwamba kwanza, kisha hawajui wanachokiona kwenye hadubini.

Jicho liangalie nini

Ganda la chembe ya chavua limejengwa kwa sporopolenini, kitu kigumu kinachohimili asidi kali na mamilioni ya miaka, mradi hewa isikifikie. Kwenye ganda kuna mfereji au tundu ambako mrija wa chavua hutokea. Chavua za kale zaidi za maua zina mfereji mmoja. Zenye mifereji mitatu, alama ya kundi kubwa linalobeba maharage, nyanya, embe na alizeti, zinaanza kuonekana kwenye miamba ya miaka milioni 125 hivi. Kwa hiyo swali la kwanza kwa kila chembe ni mifereji mingapi. La pili ni ukuta umejengwaje.

Mkusanyo wa chavua hai

Chuma machipukizi yanayokaribia kufunguka, asubuhi, kabla nyuki hawajayachanganya na chavua ya mimea mingine. Yafunge kwenye bahasha ya karatasi. Mfuko wa plastiki huleta ukungu ndani ya siku mbili. Kila mmea uwe na bahasha yake yenye jina, mahali na tarehe, na ufute koleo kwa spiriti kabla ya kugusa ua jingine.

Kwa mfereji mmoja anza na ua la kitunguu na la mshubiri. Kwa mitatu chukua maharage na mwembe. Nyasi zote, mahindi yakiwemo, zina tundu moja la duara lenye ukingo mnene. Chembe ya mahindi hufika mikromita 80 hadi 100 na ni rahisi kuitambua. Mstafeli usiuache: ni wa ukoo wa zamani, na chembe zake hukaa nne nne zikiwa zimeshikana. Halafu tafuta yungiyungi kwenye ghuba tulivu. Ukoo wake ni miongoni mwa matawi yaliyojitenga mapema kabisa katika historia ya maua, na mfereji wa chavua yake umezunguka chembe kama mkanda. Ukiuelewa huo, hutaduwaa ukikutana na visukuku ambavyo mfereji wake hauko pale ulipoutarajia.

Parachichi nalo ni la ukoo wa zamani, lakini ganda lake ni jembamba mno na huharibika kwenye kemikali. Litayarishe kwa maji na jeli tu, kisha ukumbuke somo lake: mmea kukosekana kwenye mwamba si ushahidi kwamba haukuwepo.

Jeli ya kugandishia hutengenezwa kwa jelatini gramu 10, maji yaliyochemshwa na kutoneshwa mililita 35 na glisirini mililita 30. Loweka jelatini kwenye maji nusu saa, weka chombo ndani ya maji ya moto, koroga polepole, ongeza glisirini, kisha chembe chache za fuksini mpaka rangi iwe ya waridi. Isichemke, kwa sababu jelatini iliyochemka haigandi vizuri tena. Unaponunua maji dukani hakikisha hujapewa tindikali ya betri; chupa hufanana.

Kung'uta chavua kwenye kioo cha slaidi, dondoshea spiriti tone moja liondoe mafuta, acha likauke, weka kipande cha jeli kama punje ya mtama, pasha taratibu, funika. Viputo vikijaa, umepasha moto kupita kiasi. Chembe huvimba polepole ndani ya glisirini, hivyo linganisha vipimo vya slaidi za umri mmoja na za jeli ileile.

Andaa pia slaidi za glisirini ya maji bila jelatini. Hizi ndizo za kujifunzia: ukigusa kifuniko kwa ncha ya sindano, chembe inabingirika na unaiona pande zote. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuona chembe ya mifereji mitatu kwa ubavu, mfereji mmoja ukiwa mbele, na kuiandika kuwa ya mfereji mmoja.

Matope ya ziwa

Tafuta kinamasi cha mafunjo kilichokingwa na mawimbi. Mwaloni, mitumbwi inapofika na kuondoka kila siku, tope limevurugwa. Vaa buti ndefu na usisimame majini miguu mitupu. Ufukwe huu una kichocho, na kwenye mafunjo kuna viboko na mamba. Nenda na mvuvi anayelijua eneo.

Bomba la plastiki la milimita 50, refu mita moja na nusu, linatosha. Lisukume wima bila kulizungusha, jaza maji sehemu tupu ya juu, ziba kwa kizibo cha mpira, ndipo uvute. Bila kizibo tope lote linateleza chini. Weka alama ya juu na chini kabla hujalilaza.

Chukua mililita moja ya tope kutoka katikati ya bomba, si pembeni. Ongeza kidonge cha viini vya Lycopodium (mmea usiotoa maua; viini hivi ni kipimo cha kulinganishia hesabu), ambacho idadi ya viini vyake imeandikwa na mtengenezaji. Weka asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10 ili kuyeyusha kidonge na chokaa, suuza, kisha potasiamu haidroksaidi ya asilimia 10 kwa dakika 10 kwenye maji ya moto. Pitisha kwenye chujio la mikromita 180, halafu kwenye kitambaa cha nailoni cha mikromita 10, ubakize kilichonasa juu ya kitambaa. Maji ya kusuuzia yawe yaliyotoneshwa, maana maji ya ziwani yana chavua na mwani wake.

Mchanga na madini huondolewa kwa kimiminika kizito cha sodiamu politangisteti kilichopimwa uzito wa gramu 2.0 kwa mililita: chavua inaelea, mchanga unazama. Ikitokea ungaunga mweupe, hukusuuza chokaa vya kutosha. Maabara nyingi hutumia asidi ya haidrofloriki. Hiyo isitumike shuleni wala nyumbani. Hupenya ngozi na kuua.

Hesabu chembe 300. Tuseme umeweka viini 20,000, ukahesabu chavua 300 na viini 150: gawanya 300 kwa 150, zidisha kwa 20,000, unapata chembe 40,000 kwa mililita. Kwa kuhesabu chavua ya matope ya ziwa hili, R. L. Kendall, katika kazi yake ya 1969 kuhusu Ghuba ya Pilkington upande wa Uganda, alionyesha nyasi zikitawala tabaka za chini na misitu ikipanda baadaye.

Kuingia kwenye mwamba

Omba kibali kwanza. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Chagua udongo mgumu wa kijivu au mweusi. Mwekundu umekwisha kutu, na chavua yake imeliwa na hewa. Kwangua tabaka la nje, osha, ponda gramu 20 hadi vipande vya milimita mbili. Ukisaga unga unavunja chembe. Hatua zinazofuata ni zilezile. Kila mara tayarisha pia chombo kisicho na mwamba ndani yake. Chavua ikionekana humo, imetoka kwenye maabara yako.

Rangi husaidia. Kisukuku kina rangi ya manjano hadi kahawia kulingana na joto kilichopitia. Chembe angavu yenye uji ndani ni ya jana, imepeperushwa na upepo.

Sasa ukuta. Mimea ya kundi la cikadi (isiyotoa maua, yenye umbo kama la mchikichi) na jamaa zake waliotoweka nayo ina chavua ya mfereji mmoja, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Kwenye maua, kati ya tabaka la ndani na paa la nje kuna nguzo ndogo. Kwenye cikadi hakuna nguzo za namna hiyo. Tumia lenzi ya mara 100 yenye mafuta, lenga juu kabisa kisha ushuke polepole: kilichoinuka huonekana cheupe kwanza kisha cheusi, na tundu huanza jeusi kisha likang'aa. Zoea kwenye mshubiri mpaka jicho lisisite. Kisha tafuta Clavatipollenites, chembe ndogo yenye mfereji mmoja na nguzo hizo, inayofanana na chavua ya mmea wa leo uitwao Ascarina.

Kunjo la ganda lililobonyea pia hufanana na mfereji. Mfereji wa kweli uko mahali pamoja kwenye kila chembe ya aina hiyo, na kingo zake zinakwenda zikipungua unene. Ukiuona kwenye chembe moja tu kati ya kumi, usiuandike.