Kuomba ruzuku ya mradi wa kuzuia chuki na itikadi kali Pwani ya Kenya

"Tutahamasisha vijana 5,000 kuhusu amani." Sentensi hiyo, au dada yake, imo katika karibu kila ombi linalokataliwa. Haisemi ni vijana gani, wa mtaa upi, wabadilike nini, wala itajulikanaje kwamba wamebadilika. Mfadhili anayegawa fedha za umma lazima azitolee hesabu kwa bunge au serikali ya kwao, na sentensi hiyo haimpi cha kujibu. Mwongozo huu ni wa vikundi na mashirika madogo ya Mombasa, Kwale, Kilifi na Lamu, ingawa sehemu kubwa inafaa hata Garissa au Eastleigh.

Jueni mlango kabla ya kubisha

GCERF, mfuko wa kimataifa wa kusaidia jamii kupinga itikadi kali, ulioanzishwa 2014 na wenye makao Geneva, umekuwa ukitoa ruzuku Kenya kwa kazi hii hasa. Kwa kawaida fedha hupitia kwa muungano: shirika moja lenye uwezo wa kihasibu hupokea, kisha hugawia mashirika madogo. Kwa hiyo kikundi cha Msambweni, Kwale, hakina haja ya kuandikia Geneva. Kitafute shirika kiongozi mapema, tangazo lisije likatoka likikuta miungano imeshafungwa. Umoja wa Ulaya mara nyingi huenda kwa hatua mbili, yaani maelezo mafupi ya wazo kwanza, na ombi kamili kwa waliochujwa tu. Mfuko wa Kanada wa miradi midogo, CFLI, hauzidi dola 100,000 za Kanada kwa mradi, na wengi hupata chini ya hapo sana. Miradi yake ni ya miezi michache, kwa hiyo msipeleke huko mpango wa miaka miwili. Mlango wa USAID, shirika la misaada la Marekani, uliolisha kazi nyingi ya aina hii Pwani, ulifungwa 2025. Ushindani kwenye milango iliyobaki umekuwa mkali.

Popote mtakapoomba mtaulizwa mradi wenu unaingiaje katika Mkakati wa Kitaifa wa Kukabiliana na Itikadi Kali wa 2016 na katika mpango wa utekelezaji wa kaunti yenu. Mkakati una nguzo 9, zikiwemo elimu, dini, usalama, ushauri wa kisaikolojia, sanaa na utamaduni, na vyombo vya habari na mitandao. Chagueni moja, mkizidi sana mbili. Anayedai kugusa zote tisa kwa shilingi milioni 4 anajulikana kuwa hajausoma. Ombeni nakala ya mpango wa kaunti katika ofisi ya kamishna wa kaunti au ya gavana, kisha mtaje kipengele chenyewe mnachokitekeleza.

Karatasi

Kikundi cha jamii husajiliwa chini ya sheria ya 2022 ya usajili wa vikundi, kikiwa na wanachama wasiopungua 10, na cheti kina muda wake. Kikiisha kabla ya mkataba kutiwa saini, ruzuku husimama. Mashirika makubwa zaidi yako chini ya Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa 2013 lakini ikaanza kazi Mei 2024. Waliokuwa na cheti cha zamani cha NGO wahakikishe wamehamia utaratibu mpya.

PIN ya KRA, yaani namba ya mlipa kodi ya Mamlaka ya Mapato, iwe ya kikundi, si ya mwenyekiti. Cheti cha kutodaiwa kodi hudumu miezi 12. Jina kwenye cheti, akaunti ya benki na PIN lilingane herufi kwa herufi. Neno moja likirukwa benki huweza kuzirudisha pesa, na kurekebisha huchukua wiki kadhaa. Wekeni watia saini watatu, wawili kati yao wakitosha kutoa pesa, na wasiwe ndugu.

Hili si urasimu mtupu. Aprili 2015, baada ya shambulio la Garissa, akaunti za mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa zilifungwa na serikali, na ilibidi Mahakama Kuu iamuru zifunguliwe. Anayefanya kazi karibu na ugaidi huchunguzwa kuliko anayechimba visima, hivyo vitabu vyenu viwe tayari siku yoyote.

Kueleza tatizo bila kuuchafua mtaa

Hapa ndipo maombi mengi hushinda au hushindwa. Anzeni kwa kuongea na maskani (vijiwe wanapokaa vijana) 8 hadi 10, akina mama, walimu wa madrasa na wa shule, waendesha boda na wazee wa mtaa, kila kundi peke yake. Msiulize nani anaandikisha vijana kwenda Somalia kujiunga na Al-Shabaab. Hamtajibiwa, na swali lenyewe litawafikia wasiopaswa kulisikia. Ulizeni kijana akikasirika hapa humwendea nani, mara ya mwisho polisi walipita lini na ikawaje, nani alikosa kitambulisho na kwa nini, ni ujumbe gani wa chuki umezunguka WhatsApp mwezi huu.

Kutokana na majibu, andikeni tatizo kwa aya moja yenye mahali, kundi, sababu na matokeo. Kwa mfano: "Katika wadi hii, wavulana wa miaka 15 hadi 24 walioacha shule hukaa maskani 12. Walipokamatwa katika misako hawakupata wa kuwasikiliza wala wakili, na wahubiri wa mitandaoni huutumia uchungu huo kuwavuta." Hapo msomaji anaona mnachoweza kushughulikia. Mkiandika "Likoni ni ngome ya magaidi", mmewatukana mnaowaombea na mmejifungia mlango wa mtaani. Andikeni kila ukurasa mkijua imamu, chifu na mama wa kijana wanaweza kuusoma.

Upande wa chuki ya kikabila na kidini, jueni mpaka wa sheria. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinaadhibu matamshi ya chuki kwa faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Mradi wa kufuatilia matamshi mitandaoni ueleze nani ataamua kwamba kauli fulani imevuka mpaka na itapelekwa wapi. Vinginevyo mtaonekana wapelelezi wa kujitolea. Uchaguzi wa Agosti 2027 ukiangukia ndani ya mradi, andikeni pia mtafanya nini mwanasiasa akija kuuteka ukumbi wenu, kwa sababu atakuja.

Kipimo

Idadi ya waliohudhuria inaonyesha ukumbi ulijaa, basi. Njia isiyo ghali ni kugawa maskani 12 mafungu mawili: sita zianze sasa, sita baada ya miezi sita. Waulizeni wote maswali 10 yale yale mwanzoni na mwezi wa sita. Tofauti kati ya mafungu hayo ina uzito kuliko picha mia za warsha. Swali la "unaunga mkono Al-Shabaab?" halifai, kila mtu atasema hapana. Ulizeni: "Rafiki yako akianza kusema ataondoka, ungemwambia nani kwanza?" Jibu likihama kutoka "hakuna" kwenda kwa mtu halisi, mmepata badiliko la kuripoti.

Usalama wa watu

Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Tumieni namba badala ya majina kwenye dodoso, na orodha inayooanisha namba na majina ikae kwingine, kwa mtu mmoja. Mkaguzi wa hesabu atataka orodha ya mahudhurio yenye saini, kwa hiyo kubalianeni na mfadhili mapema kwamba kichwa chake kitasomeka "mafunzo ya uongozi" au "ufundi", kamwe si "vijana walio hatarini" wala "waliorejea" kutoka Somalia. Orodha ya namna hiyo ikivuja, mtu anaweza kuuawa na upande wowote. Vivyo hivyo kwa bango la mfadhili: ombeni ruhusa ya maandishi ya kutolitundika.

Andikeni pia hatua za kufuata mshiriki akidokeza shambulio: nani aambiwe na ndani ya saa ngapi. Msiahidi siri isiyo na mipaka, maana sheria ya kuzuia ugaidi ya 2012 haiwaruhusu.

Bajeti

Jengeni kutoka chini. Kikao cha watu 25: nauli 300 kila mmoja ni 7,500, chai na vitafunio 200 kila mmoja ni 5,000, ukumbi 3,000, karatasi na kalamu 500. Jumla 16,000, na vikao 24 ni 384,000. Mkiandika "warsha: 400,000" bila mchanganuo, mtakatwa.

Vinavyosahaulika ni hivi. Mshahara wa 60,000 unamdai mwajiri asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, yaani 900 kila mwezi, na juu yake mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Malipo ya mshauri yana asilimia 5 ya kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla ya kumlipa. Risiti zitoke kwa muuzaji mwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Mama wa chapati mara nyingi hana, basi ulizeni mapema mfadhili atakubali hati gani. Ada za M-Pesa ziwe na mstari wake. Umoja wa Ulaya huruhusu gharama za uendeshaji hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja, kwa hiyo kwenye milioni 10 ni 700,000. Wengi hawaiombi kwa kudhani wataonekana walafi, kisha hulipa kodi ya ofisi mifukoni mwao.

Posho ya kukaa tu kikaoni iondoeni kabisa. Ikizoeleka, wanaokuja ni wale wale wa kila warsha, na kijana wa maskani habaki na nafasi.

Kwenye ratiba, msiweke warsha za mchana zenye chai ndani ya Ramadhani, wala shughuli za shule mwezi wa Aprili, Agosti au Desemba. Awamu ya pili ya fedha huja baada ya ripoti ya kwanza kukubaliwa, na ripoti hurudishwa kwa maswali. Hivyo mwezi unaofuata ripoti upangieni kazi zisizohitaji pesa nyingi, kama kutembelea maskani kwa miguu, mazungumzo na wazazi na dodoso la kati. Ajira mpya na ununuzi wa vifaa vingoje hadi pesa zionekane kwenye akaunti.