Somo: Kuwakutanisha Wananchi Wapange Uchumi wa Wadi ya Mashambani

Ndugu wanachama, wengi wetu tunaoishi Mombasa, iwe Likoni, Changamwe au Kisauni, tuna kwetu kwingine huko Kwale na Kilifi: Kinango, Ganze, Kaloleni, Rabai, Msambweni. Maji tunayotumia mjini hutoka Mzima, Marere na Baricho, na kote huko ni nje ya kaunti yetu. Madafu, maembe na mbuzi ni vivyo hivyo. Kwa sababu hiyo nimekubali ombi la wanachama waliotaka kujua jinsi ya kuwakalisha pamoja watu wa wadi moja ya mashambani, wakapanga wenyewe jinsi watakavyojipatia riziki miaka 10 ijayo.

Nitangulize msimamo wangu. Mikutano mingi huwaita wananchi waidhinishe yaliyokwisha kuandikwa. Niliwahi kuhudhuria mmoja ambapo waraka mnene, wote kwa Kiingereza, uligawiwa mlangoni asubuhi ileile, na kabla ya adhuhuri watu wakaombwa kunyoosha mikono. Mama aliyeketi ubavuni mwangu aliupakata waraka wake bila kuufungua, na wenzake waliponyoosha mikono naye akanyoosha wake. Katiba ya Kenya ya 2010 haikukusudia hivyo: kifungu cha 10 kinaweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na kifungu cha 174 kinatambua haki ya jamii kusimamia mambo yao na kuyaendeleza. Kupanga huanza kabla ya karatasi.

Hatua ya kwanza: jua nani hatakuwepo

Kabla ya kutangaza siku, kaa na wazee wa vijiji na viongozi wa vikundi vya akina mama, mwandike ni watu gani ambao kwa kawaida hawafiki barazani. Utakuta ni wachungaji walio mbali na mifugo, wanawake walio njiani kuteka maji, vijana wa bodaboda, walemavu, na wale waliohamia Mombasa ambao pesa wanazotuma ndizo zinazonunua unga wa nyumba nyingi. Epuka siku ya soko na Ijumaa mchana. Ikiwa wanawake hurudi kisimani saa nne, mkutano wa saa tatu umekwisha kuwafungia mlango, hata kama mwaliko uliwataja.

Hatua ya pili: chora eneo, kisha fuata pesa

Hapa ndipo nataka mkae sana, kwa kuwa hatua hii ndiyo inayowageuza watu kutoka wasikilizaji kuwa wapangaji. Usianze na hotuba. Wape majivu, mawe na vijiti, wachore wadi yao chini, mahali penye kivuli: mabwawa, malisho, barabara, shule, minazi na mikorosho. Katika kijiji kimoja cha Kinango wanaume walichora bwawa kubwa wakaridhika, mpaka bibi mmoja alipoinuka, akachukua jiwe, akaliweka mbali kabisa na bwawa lile, akasema kuwa Januari maji huwa pale na si hapa. Mjadala wote wa siku hiyo ukahamia kwenye jiwe lake.

Ramani ikikamilika, uliza maswali mawili tu: ni kipi kinatoka hapa kwenda kuuzwa, na ni kipi mnakinunua kutoka nje? Kijiji hicho kilikuwa kikiuza mbuzi Mariakani na makaa Mombasa, lakini nyanya, vitunguu na mayai vilikuwa vikiletwa kutoka soko la Kongowea, kwa nauli, mpaka kwenye vibanda vyao. Maembe nayo yaliuzwa yakingali mtini: mchuuzi hununua mti mzima ungali na maua, na mwenye shamba hajui kamwe alipoteza kiasi gani. Watu waliyaona hayo wenyewe, kwa vijiti vilivyopangwa mchangani, na hakuna mtaalamu aliyewaambia.

Hatua ya tatu: chagueni machache

Kila mtu apewe punje tano za mahindi, aziweke kwenye vikapu vya mapendekezo, wanawake na wanaume kwa zamu tofauti ili tofauti zao zionekane. Pendekezo litakaloshinda lipimwe kwa maswali magumu: nani atalifanya, nani atanunua, maji yatatoka wapi, na litaharibu nini? Mfano mzuri uko Gazi, Kwale, ambako jamii ya Mikoko Pamoja hutunza hekta 117 za mikoko, huuza hati za kaboni (uthibitisho wa hewa ya kaboni iliyohifadhiwa na mikoko hiyo), na wanakijiji hukubaliana mapato yaende kwenye maji, elimu au jambo jingine. Walianza na kitu walichonacho tayari.

Hatua ya nne: wahini kalenda ya kaunti

Mpango usioingia kwenye bajeti hubaki daftarini. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Mpango wa kaunti wa miaka mitano wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, hivyo wanaotaka sauti katika ule wa 2028 waandae maoni yao mapema. Andikeni kurasa mbili kwa Kiswahili, mtie sahihi, na mdai nakala iliyogongwa muhuri.

Hatua ya tano ni kurudi kijijini na majibu, hata kama jibu ni "hapana".

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kaloleni: Mwalimu, shikamoo. Watu wetu wamezoea posho. Bila nauli hawaji. Tufanyeje?

Jibu: Marahaba. Mkutano ufanyike kijijini badala ya kuwaita watu mjini, na nauli haitahitajika. Chakula cha mchana kipikwe na akina mama wa hapohapo, walipwe kazi yao. Posho ya kukaa tu msiianzishe, kwa kuwa siku itakapokosekana mtabaki na viti.

Mwanachama wa Kisauni: Ami, mimi nimezaliwa Ganze lakini naishi mjini miaka 20. Nina haki ya kusema?

Jibu: Una haki, tena una jambo la kuwapa: unajua bei za Kongowea na wanunuzi wake. Ila kura ya mahindi waachie wanaolala kule, maana ndio watakaoishi na matokeo.

Mwanachama wa Likoni: Mwakilishi wa wadi akiuteka mkutano tufanyeje?

Jibu: Mkaribisheni kwa heshima, apewe nafasi ya mwisho wala si ya kwanza, na mumweleze hivyo kabla ya siku. Akizungumza baada ya kuona vikapu, atazungumzia vikapu.

Mwanachama wa Kinango: Ardhi yetu ni ya ranchi ya jamii na haijasajiliwa upya. Tunaweza kupanga chochote?

Jibu: Gawanyeni mapendekezo mafungu mawili. Nyuki, kuuza maembe kwa pamoja na kunenepesha mbuzi yanaweza kuanza msimu huu bila kusubiri hati. Bwawa au kiwanda kidogo visitangulie usajili, kwa hivyo ombi la kusajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 liwe lenyewe ni kazi ya kwanza katika mpango wenu, na litajiwe watu wa kulifuatilia kwa majina, wakiwemo wanawake, kwa kuwa wakati wa kuandika wanajamii ndipo wajane na mabinti husahauliwa.